Gogo Lililokuwa Chini ya Changarawe

Magoti yangu yamechoka. Nikikaa dukani kisha nikainuka yanalia kama pedeli isiyo na grisi, na wateja wanacheka. Wacheke tu. Magoti hayo ndiyo yaliyojenga duka wanalosimama wakicheka, tofali kwa tofali, bati kwa bati. Hapa Kilosa wenye duka la matofali waliosoma madarasa mawili tu wanahesabika, na mmoja wao ni mimi. Sikurithi kitu. Sikusaidiwa na mtu, isipokuwa dada yangu, na kwa ajili yake nimeshika kalamu, kazi inayonichosha kuliko kupanda mlima na gunia la chumvi kwenye keria.

Vijana wenye baiskeli hunijia kuniuliza njia. Wanataka kwenda Kimamba, au Mikumi, bila kukutana na malori na vumbi lao. Watu huwaambia, kamuulizeni mzee wa duka, yeye anazijua njia zote zisizo na gari. Ni kweli nazijua. Kati ya Kimamba na Mikumi hakuna aliyezijua kama mimi, na nasema hivyo bila kuona haya, maana nilizilipia kwa jasho.

Nilianza kwa kukata mkonge Kimamba. Watu wa kwetu hawakuwa na desturi hiyo. Kazi ile tuliwaachia manamba walioletwa kwa treni kutoka mbali, sisi wenyeji tukabaki na mihogo yetu na majivuno yetu. Nilipoingia shambani kukata, ukoo mzima ulininunia. Dada peke yake ndiye aliyekuwa akinifungia ugali kwenye jani la mgomba kila alfajiri. Alikuwa amenizidi miaka mingi, ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, na alikuwa mfinyanzi: vyungu vyake na mitungi yake ilijulikana mpaka Mamboya, ambako binti zake wawili waliolewa.

Uhuru ulinikuta na baiskeli yangu mwenyewe, nyeusi, kengele yake inasikika toka ng'ambo ya mto. Meneja alikuwa na gari, mnyapara alikuwa na baiskeli, na mimi mkata mkonge nilikuwa na baiskeli. Mnyapara hakupendezwa. Niliacha kazi kabla hajapata sababu ya kunifukuza, nikaanza biashara ya keria.

Mashamba ya mkonge yalikuwa yamekatwa barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari, zote za changarawe, zote zimeinuliwa maji yasisimame. Baadaye bei ya mkonge ikaanguka, trekta moja moja zikapandishwa juu ya mawe zikakaa hapo, na barabara zikabaki bila wenyewe. Mimi nikawa mwenyewe. Ukitoka Kimamba unashika tuta la troli, ambako reli ndogo zilikwisha kung'olewa na changarawe imeshikana vizuri. Ukiliacha tuta unashuka ukingoni mwa Mkondoa, na hapo ndipo palipokuwa na raha ya dunia: uwanda mrefu wa changarawe nyeupe iliyo laini, hakuna mlima, hakuna mchanga wa kumeza tairi, hakuna injini. Unasikia mto upande mmoja, na cheni yako chini. Nilikuwa napita pale nimefumba macho, nikihesabu mpaka ishirini, nikifumbua niko palepale katikati ya njia. Kuelekea Mikumi nilifuata kando ya reli kupitia kijiji cha Ulaya, na huwa nawaambia wasomi wa hapa kwamba nimekwenda Ulaya mara nyingi kuliko wao wote.

Kule Mikumi kulikuwa na lami na madereva wa malori ya masafa. Niliwapelekea vitunguu na vyungu vya dada, wakanipa tyubu, sabuni na chumvi. Chungu kilichovunjika kwenye keria yangu hakijapatikana mpaka leo. Dada alikuwa akiwaambia wateja wake hivyo, mimi narudia tu maneno yake.

Ikaja Operesheni. Kila mtu alitakiwa kuhama alikotawanyika akaishi kijijini, shule iwe karibu, bomba liwe karibu, lori la mbegu lifike. Sikuwa na ubishi na jambo lile, na hata sasa sina. Dada aliishi mlimani peke yake, jirani wa karibu humwoni wala humsikii, na mimi mjomba wa wanawe ndiye niliyekuwa na wajibu juu ya nyumba yake. Kwetu hesabu ya ukoo ni ya upande wa mama. Nyumba ya dada ikiinama, watu hawamwangalii mumewe, wanamwangalia mjomba. Na mume mwenyewe alikwisha kufa.

Wilaya ilimtuma kijana wa mipango aje kuchagua mahali pa kijiji chetu. Alikuja na faili na suruali iliyopigwa pasi, na Landrova yake ikaishiwa petroli siku ya kwanza. Petroli ilikuwa hakuna Kilosa nzima. Mwenyekiti akamwambia kuna mtu mmoja tu anayeweza kumzungusha, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilimbeba siku tatu kwenye keria, yeye na faili lake. Nilimpeleka kwenye udongo mweusi, tukazama, akashuka akasukuma nyuma na viatu vyake vya mjini. Nilimpeleka kwenye vichaka vya upande wa reli, miba ikatoboa tairi mara mbili, akakaa kwenye jua nikiziba pancha. Siku ya tatu tulishuka ukingoni mwa Mkondoa, kwenye changarawe yangu. Baiskeli ikanyamaza. Nilimsikia nyuma yangu akishusha pumzi, na baada ya mwendo mrefu akasema, "Ndugu, hapa mbona matako yamepona?"

Nikamwambia, "Hapa hata masika tairi halizami. Miaka yote hii sijasukuma baiskeli hapa hata hatua moja."

Ilikuwa kweli tupu. Akaniambia nisimame, akaweka karatasi juu ya tandiko, akachora mistari miwili, shule hapa, ghala hapa, nyumba huku na huku. Maji karibu, barabara ipo tayari, ardhi tambarare. Hivyo ndivyo kijiji kilivyopatikana. Wengine wanadhani kulikuwa na vipimo. Kipimo kilikuwa baiskeli yangu. Kwenye mkutano nilisimamishwa, nikaitwa mfano wa mwananchi anayejituma, watu wakapiga makofi, na mimi niliyenuniwa kwa kukata mkonge nikapewa nafasi ya kumchagulia dada kiwanja kabla ya wengine. Nikachagua cha mbele, karibu na mto, asipate taabu ya maji.

Dada hakufurahi. Alikwenda na jembe, akachimba kidogo, akaokota kokoto akaisugua kwa kidole gumba kama anavyosugua udongo wake. Akaniambia udongo wote umeoshwa hapa, hana cha kufinyangia. Nilimwambia udongo nitamletea kwa baiskeli kutoka mlimani, kila Ijumaa, na nilifanya hivyo, Ijumaa kwa Ijumaa, sikukosa hata moja. Vyombo vyake vyote nilivihamisha mwenyewe, wengine walibebwa kwenye lori vitu vyao vikafika vipande.

Sharti lilikuwa kila nyumba iwe na choo kabla ya ukaguzi. Choo cha dada nilichimba mwenyewe, sikutaka mjomba asemwe. Ilikuwa kazi ya kuchosha ambayo sijawahi kuona mfano wake. Kila nikitoa karai moja, kando zinaporomoka yanaingia makarai mawili, kokoto za mviringo kama mayai. Nilipofika chini kiasi cha kimo cha mtu, sururu ikagonga kitu kisicho jiwe. Nikafukua kwa mikono. Lilikuwa gogo, limelala ubavu, nene kama kiuno changu, halina gome hata kidogo, limelainika kama limepigwa msasa. Juu yake changarawe, chini yake changarawe.

Dada alikuwa ameinama juu ya shimo, ananiangalia.

"Mjomba," akasema. Aliniita hivyo, kwa mdomo wa wanawe, kama kulikuwa na jambo zito. "Aliyelileta hilo si yule pale?" Akauelekeza mdomo kwenye mto.

Nilikuwa nimeshaelewa kabla hajasema. Nilijua papo hapo, shimoni, jasho likiniingia machoni, kwa nini tairi langu halikuzama pale miaka yote ile. Uwanda ule haukuwa barabara. Ulikuwa kitanda cha mto, mto umehamia pembeni kidogo, umeacha matandiko yake. Na mimi nimewalaza watu wote pale.

Nilisema, "Dada, umeanza sasa."

Nilifunga kamba, tukalivuta gogo sote wawili, yeye juu na mimi chini. Wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Ningeweza kumwonyesha yule kijana wa mipango lile gogo, akatazama, akaelewa, maana hakuwa mjinga. Nyumba zilikuwa bado ni miti na fito tu, hazijakandikwa. Lakini ningesimamaje mbele ya watu walionipigia makofi niwaambie bwana baiskeli hakujua alichokuwa akikanyaga? Nililaza gogo kwenye keria asubuhi mapema, nikalifunga kwa mpira wa tyubu, nikalisukuma mpaka Kilosa, mwendo wote kwa miguu, kwa sababu lilikuwa zito na baiskeli ilikuwa inataka kunyanyuka mbele. Nililiweka barazani kwangu. Wapita njia wakakaa.

Nilimwomba dada jambo moja, asimwambie mtu. Akasema, "Nitasema nini nikuaibishe wewe?" Nyumba ilipokandikwa akaingia, kwenye kiwanja nilichomchagulia mimi, akaishi humo.

Masika mawili yalipita salama. Nikaanza kujiambia kwamba mto umezeeka. Kila mvua ikinyesha Kilosa nilikuwa nakwenda kutazama, nikikuta maji yako chini ya ukingo narudi kulala vizuri. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, maana Mkondoa haujazwi na mvua ya kwetu. Maji yake yanatoka mbali juu, upande wa Mpwapwa, na unaweza kuanika mahindi Kilosa kwenye jua kali huku mto unakuja.

Siku hiyo nilikuwa Mikumi. Nilikuwa nimelala kwa rafiki yangu mmoja wa stesheni, Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani zetu. Mtu yule tangu tujuane hajawahi kuniamkia kwa heshima. Alikuwa akiniona ananiuliza kama nimeleta matako yangu ya chuma, au kama watu wa kwetu wameshajifunza kutumia chumvi, nami namuuliza babu yake aliwabebea watu pembe ngapi za tembo kichwani. Asubuhi ile niliamka nikafunga vyungu kwenye keria niende barabarani kwa madereva. Akatoka ofisini kwake, akasimama mbele yangu, akasema taratibu, "Ndugu yangu, habari za asubuhi. Hebu kaa kwanza."

Mtani wangu kunisalimia kwa adabu ilikuwa habari tosha.

"Sema tu," nikamwambia.

"Simu ya Kilosa imekatika. Kabla haijakatika walisema mto umeacha njia yake." Akaangalia baiskeli yangu. "Mto umeshika njia yako."

Treni haikuwepo. Lori la kwenda Kilosa halikuwepo, hata siku za kawaida lilikuwa la bahati. Nilishusha vyungu vyote nikamwachia, nikapanda.

Nimeshaendesha safari nyingi za kujivunia, na nyingine nazisimulia mpaka watu wanahama barazani. Ile siisimulii. Jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu, na hilo lilinitia hofu kuliko radi. Kando ya reli changarawe ilikuwa kavu, nzuri, tairi linateleza kama siku zote, nami nikaichukia. Kila kokoto niliyoipita niliona umbo la yai. Mavi ya tembo yalikuwa bado yanatoa moshi njiani na sikupunguza mwendo. Karibu na Ulaya cheni ikakatika, nikaiunga kwa waya, ikakatika tena, nikaiunga. Kwenye mto Miyombo maji yalikuwa kiunoni, nikabeba baiskeli begani. Watu wa ng'ambo wakaniuliza nakimbilia nini. Nikapanda tena. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu, kwamba nyumba ya dada ni ya mbele.

Nilifika Kilosa jua likiwa limeinama, sikusimama kwangu. Nilipanda tuta la troli. Watu wote wa kijiji walikuwa juu yake, na kuku wao, na magodoro, na mabati waliyowahi kung'oa. Chini, pale nilipokuwa nikifumba macho na kuhesabu mpaka ishirini, Mkondoa ulikuwa unapita, mwekundu, mpana, bila haraka. Mto haukuwa na hasira yoyote. Ulikuwa kama mtu aliyerudi kwake. Nyumba za udongo zilizokuwa bado zimesimama zilikuwa zinakaa chini moja moja.

Ulikuja mchana, ndiyo maana hakufa mtu. Ungekuja watu wamelala nisingeweza kuandika haya.

Dada alikuwa amekaa mwisho wa tuta, chungu kimoja mapajani. Nilitupa baiskeli chini, nikapiga magoti, si kwa heshima tu, yalikuwa hayanibebi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

Nikatikisa kichwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu yetu, anasema na watu, sauti imemkauka. Alikuwa anasema hili ni jambo la Mungu, mahali palichaguliwa vizuri, palipimwa, nani angejua. Mtu mmoja akasema pengine wachimba vyoo wangeona kitu. Wakaanza kuulizana. Wengi vyoo vyao vilikuwa vifupi, vya kukwepa ukaguzi, hawakufika chini. Halafu mwenyekiti akamgeukia dada, kwa sababu choo chake ndicho kilichosifiwa kuwa kirefu kuliko vyote.

"Bibi, ninyi mlipochimba mliona nini?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Tuliona mawe," dada akasema. "Nani angejua."

Mwenyekiti akaridhika, akaenda kwa wengine. Dada hakunitazama. Alikuwa anapangusa tope kwenye kile chungu kwa pindo la kanga, anazungusha, anapangusa.

Asubuhi yake nilimpandisha kwenye keria nikamrudisha mlimani kwenye kiunga chake cha zamani, na hakuna aliyetuzuia, kila mtu alikuwa anatafuta pa kulala. Njia ile ni ya kupanda mwanzo hadi mwisho. Nilisukuma. Sikumruhusu ashuke hata kwenye mawe, ingawa alisema mara mbili anaweza kutembea. Tulipofika nilimjengea upya kwa mikono yangu, mlango wa mbao za mninga, na baadaye bati. Kijiji kilihamishiwa upande wa reli, kwenye vile vichaka vya miba, na kipo mpaka leo, na bomba lilifika.

Mimi nikaendelea kupata. Duka likawa la matofali. Kila nilipompelekea kitu alipokea, akashukuru, akaniuliza kama nimekula. Gogo hatukulitaja tena. Nilikuwa nasubiri alitaje yeye, na nadhani yeye alikuwa ananisubiri mimi. Mwaka jana tukamzika, mlimani, karibu na shimo lake la udongo.

Changarawe imerudi ukingoni. Mto ulipotulia ulihama tena, ukaacha uwanda mpya, mweupe, mzuri kuliko wa kwanza. Vijana wakiniuliza njia isiyo na gari nawaelekeza huko, kwa sababu ukweli ni kwamba hakuna njia nzuri ya baiskeli kama ile wilaya nzima. Nawaambia wapite, wasijenge. Wananitazama kama nimechanganyikiwa, maana hakuna aliyezungumzia kujenga.

Wakinisikiliza hukaa juu ya lile gogo. Limeng'aa kwa makalio ya watu. Miaka yote watu wakiniuliza nililipata wapi nilikuwa nawajibu nililinunua Mikumi kwa dereva. Wiki iliyopita kijana mmoja akalipapasa akauliza, na sijui kwa nini, nikamjibu kwamba limetoka chooni kwa dada yangu. Wakacheka wote mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwa mdomo.